Barua kwa binti yangu kabla ya saumu ya Tisha B'Av

Mwanangu mpenzi,

Uliponipigia Jumapili kwa simu ya matroni uliniuliza, "Mama, nitaililiaje nyumba ambayo hata wewe hukuiona?" Muda wako ukaisha, mwenzako akadai zamu yake, nikabaki na jibu mdomoni. Swali lako juu ya Hekalu la Yerusalemu ni la haki na halistahili jibu la mbio mbio. Nimekaa leo nikuandikie, na nimemwomba mwalimu wa zamu akupe barua hii kabla ya Jumatano, kwa sababu saumu inaingia Jumatano jioni jua likizama na kutoka Alhamisi usiku.

Umetimiza miaka kumi na miwili, kwa hiyo mwaka huu unafunga kama mtu mzima. Ile saumu ya wiki tatu zilizopita, ya tarehe 17 ya mwezi wetu wa Tamuzi, ilianza alfajiri tu. Hii ni ya usiku na mchana, kama Yom Kippur, lakini mioyo ya watu katika siku hizo mbili haifanani hata kidogo. Yom Kippur tunavaa nyeupe, tunasimama mbele ya Mungu tukitumaini kusamehewa. Tisha B'Av tunaketi chini kama wafiwa.

Tarehe tisa ya mwezi wa Av, ndiyo maana ya Tisha B'Av, ndiyo siku tunayokumbuka kuchomwa kwa Hekalu la Yerusalemu, mara zote mbili: la kwanza na Wababeli wa Nebukadreza mwaka 586 KK, la pili na Warumi wa Titus mwaka 70 BK. Mishna, mkusanyo wa sheria za wazee wetu, inaongeza mengine matatu juu ya hayo. Siku hiyo kizazi kilichotoka Misri kilihukumiwa kufia jangwani. Siku hiyo mji wa Beitar ulianguka mwaka 135, na pamoja nao maasi ya Bar Kokhba dhidi ya Warumi. Na siku hiyo Warumi waliilima Yerusalemu kwa plau. Baadaye yaliongezeka mengine. Mfalme Edward I alitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi wote Uingereza tarehe 18 Julai 1290, na kwa kalenda yetu hiyo ilikuwa Tisa Av. Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti 1914, na hiyo pia ilikuwa Tisa Av.

Usichukulie kwamba siku yenyewe ina laana. Ukifungua Biblia utaona hata tarehe ya Hekalu la kwanza haisemwi kwa sauti moja: Kitabu cha Wafalme kinataja tarehe saba, Yeremia anataja tarehe kumi. Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi wetu, inaeleza kwamba maadui waliingia tarehe saba, wakala na kuharibu humo ndani, wakatia moto tarehe tisa jua likielekea kuzama, na moto ukawaka kutwa nzima ya tarehe kumi. Rabi Yohanan alisema lau angekuwapo yeye angeiweka saumu tarehe kumi, maana ndiyo siku sehemu kubwa ya nyumba iliungua. Wenzake waliona mwanzo wa msiba ndio mzito zaidi. Mimi nawaelewa. Kuna saa ambayo moto bado ni mdogo na mtu angeweza kufanya kitu.

Hapo ndipo nilipotaka tufike, kwa sababu wazee wetu walipokaa kutafuta mwanzo wa moto ule hawakuanza na Titus. Rumi ilijisifu vya kutosha. Tao la Titus limesimama hadi leo, limechongwa askari wakibeba kinara cha taa saba kilichotekwa Hekaluni. Talmudi yenyewe inaanza na karamu.

Palikuwa na mtu mmoja Yerusalemu ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Alikuwa na rafiki aitwaye Kamtza, na adui aitwaye Bar Kamtza. Akaandaa karamu, akamtuma mtumishi wake akamwite Kamtza. Mtumishi akachanganya majina, akamleta Bar Kamtza. Mwenye nyumba akaingia, akamkuta adui yake ameketi kati ya wageni. "Wewe si adui yangu? Unatafuta nini hapa? Inuka uondoke." Bar Kamtza akamsihi: "Maadamu nimekwisha kuja, niache nikae. Nitakulipa nitakachokula na kunywa." Akakataa. "Nitalipa nusu ya karamu yako." Akakataa. "Basi nitalipa karamu yote." Akakataa, akamshika mkono, akamwinua, akamtoa nje.

Angalia alivyokuwa akipandisha bei. Alikuwa tayari kulipia chakula cha watu wote waliokuwamo ili tu asipitishwe mbele yao akiwa ameshikwa mkono kama mwizi.

Na wanazuoni walikuwapo, mwanangu. Walikuwa wameketi pale pale, wakaona, wakanyamaza. Ndilo lililomuuma Bar Kamtza kuliko mkono wa yule tajiri. Akasema moyoni, ikiwa marabi waliketi na hawakumkemea, basi yaliwapendeza. Akaenda kwa mtawala wa Rumi akamwambia Wayahudi wamekuasi. Kama huamini, wapelekee sadaka uone kama wataitoa. Mtawala akampa ndama mzuri. Njiani Bar Kamtza akamtia ndama kilema kidogo mdomoni, kilema ambacho kwa Warumi si kitu lakini kwa sheria yetu kinaharamisha sadaka. Marabi wakataka kumtoa hivyo hivyo kwa ajili ya amani. Rabi Zekaria ben Avkulas akapinga: watu watasema wanyama wenye vilema wanaruhusiwa madhabahuni. Wakataka basi kumuua Bar Kamtza asirudi na habari. Akapinga tena. Habari zikafika Rumi. Talmudi haikumsamehe Zekaria. Inasema upole wake huo uliiharibu nyumba yetu, ukaichoma Hekalu, ukatuhamisha kutoka nchi yetu.

Watu huuliza kama kisa hiki kilitokea hivi hasa. Mwanahistoria atakueleza juu ya kodi, magavana wabaya na vyama vya waasi, na yote hayo ni ya kweli. Lakini taifa lililopoteza kila kitu lingeweza kuandika hadithi ya ukatili wa adui na kuishia hapo, na hakuna ambaye angelilaumu. Letu liliandika kuhusu mgeni aliyeaibishwa na watu wema waliotazama sahani zao. Na mahali pengine Talmudi inauliza wazi: Hekalu la kwanza liliangushwa na sanamu, uzinzi na umwagaji damu; la pili je, ambalo watu wake walisoma Torati na kutenda mema? Jibu ni kwamba palikuwa na chuki ya bure, na chuki ya bure ina uzito wa dhambi zile tatu kwa pamoja.

Chuki hiyo iliendelea hata mji ulipozingirwa. Inasemekana matajiri watatu walikuwa na ghala za ngano, shayiri, divai, mafuta na kuni za kuutosha mji miaka 21. Waasi waliotaka vita wakazichoma ili watu walazimike kupigana. Njaa ikaingia. Martha binti Boethus, mmoja wa matajiri wakubwa, alimtuma mtumishi sokoni akamletee unga laini kabisa. Umekwisha, umebaki mweupe wa kawaida. Akarudi kuuliza, akaambiwa kalete huo. Kufika, nao umekwisha, umebaki mweusi. Akarudi tena. Mpaka ule wa shayiri nao ukaisha, mtumishi akiwa njiani kila mara. Martha akatoka mwenyewe, bila viatu, kuona kama atapata chochote cha kutia tumboni. Akakanyaga kinyesi, akafa kwa kinyaa. Ghala zile hazikuchomwa na Mrumi.

Kwa hiyo ukiniuliza unaililiaje nyumba ambayo hukuiona, nitakwambia kwamba ile karamu umeiona. Uliniambia juu ya yule msichana aliyehamishiwa bweni lenu muhula huu, ambaye akikaa mezani wengine wanahamisha vikombe vyao. Uliniambia pia kwamba wewe huhamishi chako. Nilifurahi kusikia, na papo hapo nikawakumbuka wale marabi, kwa maana nao hawakumshika mtu mkono.

Sasa siku yenyewe. Jumatano jioni, kabla jua halijazama, utakula chakula cha mwisho. Desturi yetu ni mkate na yai la kuchemsha lililochovywa kwenye majivu, ukiwa umeketi chini, peke yako, bila mazungumzo. Mpishi wenu anatumia kuni, na nimeshazungumza naye. Atakuwekea yai na majivu kidogo kwenye kisahani. Chovya kidogo tu. Majivu hayana ladha ya kutisha, yanakausha ulimi na kusaga kidogo kwenye meno, na utajua papo hapo kwa nini yapo. Rabi Yehuda bar Ilai alikuwa akila mkate mkavu na chumvi, ameketi kati ya tanuri na jiko, anateremsha na maji, kama mtu ambaye maiti wake amelazwa mbele yake.

Jua likizama huli, hunywi, huogi kwa raha, hupaki mafuta, huvai viatu vya ngozi. Vile viatu vyeusi vya shule viache chini ya kitanda, vaa raba za kitambaa. Mwalimu mkuu amekubali. Hatusalimiani siku hiyo. Mtu akikusalimu asiyejua, mwitikie kwa sauti ya chini, usimfanye ajione amekosa. Torati nayo hatuisomi kama kawaida, kwa kuwa kuisoma ni furaha. Tunasoma Ayubu, sehemu nzito za Yeremia, na Maombolezo.

Umewahi kwenda matanga ushagoo, unajua jinsi watu wanavyoketi mkekani na mfiwa, hawana la kusema, lakini hawaondoki. Sinagogini usiku wa Tisha B'Av ndivyo tulivyo. Pazia la sanduku la Torati limeondolewa, taa zimepunguzwa, kila mtu chini na mshumaa wake. Anayesoma Maombolezo huanza kwa sauti iliyoshuka: "Jinsi mji huu ukaavyo ukiwa, huo uliokuwa umejaa watu." Wewe utasoma peke yako kwa tochi, kwa hiyo nikuonyeshe kitu cha kuangalia. Sura ya kwanza, ya pili na ya nne kila moja ina aya 22, na kila aya inaanza na herufi yake, kuanzia alef hadi tav. Sura ya tatu inarudia kila herufi mara tatu, aya 66. Mtunzi wa Maombolezo aliona watoto wakizimia njaani njiani, na bado aliishika alfabeti kwa mikono miwili ili kilio chake kiwe na mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia. Kisha sura ya tano ina aya 22 zile zile, lakini herufi zimemponyoka. Na ukifika aya ya mwisho, ambayo ni kali, usiishie hapo, rudia iliyo kabla yake: "Ee Bwana, utugeuze kwako, nasi tutageuka, uzifanye siku zetu mpya kama siku za kale." Sinagogini watu wote huisoma kwa sauti.

Alhamisi adhuhuri unaruhusiwa kuinuka na kukaa kwenye kiti. Baba yako hapo ndipo anapovaa tefilini zake, vile visanduku vya ngozi vya sala, ambazo asubuhi huziacha. Saumu inaendelea, ila matanga yameanza kuanuliwa. Katika Talmudi ya Yerusalemu wapo waliosema kwamba Masihi alizaliwa siku hiyo hiyo nyumba ilipoungua, na wanawake wa jamii nyingi zetu walikuwa na desturi ya kufagia nyumba mchana ule. Nami hufagia.

Kuna jambo moja kuhusu mahali ulipo ambalo sidhani mwalimu wako wa historia amewafikia. Uko Uasin Gishu. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi uwanda huo, kama kilomita za mraba 13,000, wakakimbilie huko. Aprili ya mwaka huo walikuwa wameuawa Wayahudi 49 katika mji wa Kishinev, watu walikuwa wanatafuta pa kuponea. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliotafuta nchi ya Wayahudi, aliupeleka mpango huo kwenye mkutano wao wa Basel, Uswisi, mwezi Agosti. Kura 295 zikaunga mkono kutuma watu wa kuikagua nchi, 178 zikapinga. Waliopinga wengi walikuwa wa Urusi, na miongoni mwao wajumbe wa Kishinev yenyewe, ambao damu haijakauka kwao. Walitoka ukumbini, na baadhi yao wakaketi sakafuni wakalia kama usiku wa Tisha B'Av.

Fikiria hilo ukiwa umeketi sakafu ya bweni lako. Nchi yenye mvua, udongo mwekundu na hewa baridi iliwekwa mbele yao, wakaililia nyumba iliyoungua zaidi ya miaka 1,800 kabla yao. Herzl alishangaa kwamba watu wenye kitanzi shingoni bado wanakataa. Mpango ukafutwa kabisa mwaka 1905. Na uwanda ule ulikuwa na wenyewe, ambao hakuna aliyewauliza. Wanandi walikuwa vitani na Waingereza wakati huo huo, na Oktoba ya mwaka huo huo wa 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa. Wenzako wa Nandi wanalijua jina hilo tangu utotoni. Wana haki ya kumlilia, na wakikusimulia, keti uwasikilize kama unavyotaka wao wakusikilize wewe.

Najua unaogopa kwamba huzuni yote hii itakuzidi. Wazee waliliogopa hilo pia. Baada ya mwaka 70 walizuka watu wengi walioapa kutokula nyama wala kunywa divai, kwa kuwa nyama na divai vilitolewa madhabahuni na sasa madhabahu hayapo. Rabi Yehoshua akawaendea. Akawaambia, basi mkate nao tusile, maana sadaka za unga zimekoma. Wakasema, tutakula matunda. Matunda nayo, malimbuko yamekoma. Tutakula matunda mengine. Na maji je? Maji nayo yalimiminwa madhabahuni. Wakanyamaza. Akawaambia, wanangu, kutoomboleza kabisa haiwezekani, kwa kuwa msiba umeshatufika. Na kuomboleza kupita kiasi nako haiwezekani, kwa kuwa hatuwawekei watu amri wasiyoweza kuibeba. Jenga nyumba yako, ipige plasta, na uache kipande kidogo bila plasta.

Ndicho kile kipande cha dhiraa moja kwa dhiraa moja ukutani kwetu, mkabala na mlango, ambacho ulizoea kukikwaruza kwa kucha ukiwa mdogo. Fundi alirudi mara ya pili na mwiko wake akitaka kukimalizia bila malipo. Nyumba iliyobaki ni safi, ina rangi, ina picha zako. Tunaishi humo tukicheka, na kila anayeingia mlangoni anakiona.

Mwisho, mambo ya mwili. Julai huko kwenu ni baridi, kiu haitakusumbua kama inavyowasumbua walioko Yerusalemu, ambako ni kiangazi, au London ambako jua linazama baada ya saa tatu usiku. Wewe saa moja na robo utakuwa umemaliza. Anza na maji, kisha uji, usikimbilie githeri. Nyama huli ya shule hata hivyo, lakini kufua nguo subiri hadi Ijumaa adhuhuri, kwa ajili ya ule moto uliowaka kutwa ya tarehe kumi. Ukipata kizunguzungu, homa, au ukatapika, mwambie matroni, unywe na ule, bila kuona haya. Mgonjwa hafungi Tisha B'Av, na hiyo ni sheria, si huruma yangu ya mama.

Jumapili ni siku ya wazazi. Tutakuja mimi na baba yako na chapati, maharagwe ya nazi na keki ile ya ndizi. Nimepika ya watu wanne. Muulize yule mwenzako wa bweni kama atapenda kula nasi, na umuulize mbele ya wengine.

Nakupenda sana,
Mama yako